Zai, Fowadi wa Namba Zote

Zai,

Kawaida barua huanza kwa kuuliza hali, na yako sina haja ya kuiuliza. Kwa hiyo nianze na yangu. Tangu jana jioni napumua. Napumua vizuri mpaka naona haya, maana mtu aliyetoka kwenye arobaini ya rafiki yake hategemewi kuwa hivi, na leo asubuhi nimejikuta mbele ya kioo natabasamu na mswaki mdomoni. Nimejiuliza kama nina akili timamu. Halafu nikajua ungekuwepo ungenicheka, nikachukua daftari la Takwimu, nikaja hapa uwanjani kukuandikia.

Pia nimekukasirikia. Hilo nitalifikia.

Kwanza habari za timu, maana najua ndizo ungeanza kuuliza. Tumecheza mechi tatu tangu uondoke, tumeshinda moja, na hiyo moja ni kwa sababu wenzetu walichelewa njiani wakaingia uwanjani bila kupasha misuli. Kocha amejaribu kuziba nafasi yako kwa watu watatu na bado panavuja. Yule binti mrefu wa mwaka wa kwanza anaokota ribaundi, mipira inayokosa kikapu, lakini akishaushika mpira anaushangaa. Mwingine ana pasi nzuri, ila kwenye ulinzi anapitwa na kila mwenye haraka. Wa tatu ni mimi, na mimi nisijiongelee.

Nimejaribu kumweleza yule wa mwaka wa kwanza ulivyokuwa unacheza, nikaona ni kazi. Kwenye karatasi ya kocha uliandikwa fowadi. Lakini nikibanwa mimi nisivuke na mpira, wewe ndiye uliyekuja kuuchukua na kuushusha. Senta wetu akitolewa kwa faulo, wewe ndiye uliyeingia chini ya kikapu kupambana na yale majitu. Hukuwa mrefu wa kutisha, na kuruka hukuruka. Ulikuwa unaangalia mkono wa mpigaji badala ya kuangalia mpira, unajua mapema utadondokea upande gani, unamwekea mtu mgongo, unashuka magoti, na yeye anapotaka kuruka anakuta nafasi imeshachukuliwa. Ribaundi ngapi ulizipata miguu yako ikiwa chini, Mungu ndiye anajua.

Halafu ile tabia yako ya kusimama kwenye kona ya boksi, umekipa kikapu mgongo, mpira umeushikilia kiunoni, unangoja. Watu walidhani umeishiwa. Kumbe unamngoja mlinzi wa pili aje kumsaidia mwenzake, na akifika tu pasi imeshaondoka kwenda kwa yule aliyeachwa peke yake. Shuti lako lilikuwa baya kutazama, lile la kugongesha ubaoni karibu bila kuruka. Wale wasichana wa Dodoma walilicheka robo nzima ya kwanza. Robo ya tatu hawakulicheka tena. Na kwenye kukaba hukunyoosha mkono hata siku moja. Ulimfuata mtu kwa miguu, hatua fupi fupi, mpaka anajikuta mstari wa pembeni uko nyuma yake na hana pa kwenda. Kocha alikupa umkabe yeyote, mfupi au mrefu, wala hakuuliza kama utaweza.

Kitu kimoja tu hukufanya, kukimbia ovyo. Tukipokonya mpira sisi wote mbio, wewe unabaki nyuma na kuurusha mrefu mpaka mbele. "Mpira hauchoki," ulikuwa unatuambia, "uacheni ukimbie wenyewe." Kocha aliita hiyo akili ya mchezo, akatutaka wote tuige. Mimi niliijua sababu yake, na kila alipokusifia nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Na mdomo wako, Zai. Mechi nzima unaongea. Unatuelekeza, unahesabu kwa sauti, unamuuliza mpinzani kiatu chake alinunua wapi, unampongeza refa kwa filimbi nzuri. Timu nyingine zilituogopa kwa ajili ya mdomo huo kabla hata hazijaona mchezo. Mimi nilidhani umezaliwa hivyo, kwamba kwenu Kinole ndivyo mlivyo.

Ilikuwa mwaka wa pili nilipogundua ile ya kamba za viatu. Ghafla unanyamaza, unatafuta sababu mpira usimame, unachuchumaa na kufunga kamba iliyokwisha kufungwa. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya nne, tulipofika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilikuuliza, ukauchukua mkono wangu ukauweka kifuani kwako. Sijawahi kushika kitu kinachogonga vile. Ukaniambia mlango mmoja wa moyo wako haufungi sawasawa, tangu utotoni, na chuo wakijua watakutoa kwenye timu, kwa hiyo nisimwambie mtu. Ukaniapisha kwa rozari yangu mwenyewe, wewe Mwislamu, ukasema hiyo ndiyo nitakayoiogopa. Niliiogopa kweli.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili uwanjani. Nikiona umechuchumaa, naanguka. Nashika kifundo cha mguu, nagugumia, refa anasimamisha mchezo, wewe unapata dakika yako ya kupumua. Nikajulikana chuo kizima kama mtu mwenye kifundo kibovu. Kocha alininunulia bandeji ya kukaza mguu kwa fedha yake mwenyewe, mama yangu akanitumia mafuta ya nyonyo kutoka Dumila nijichue. Nilijichua, Zai, ili nisimdanganye mama kabisa.

Halafu ikaja ile nusu fainali. Tulikuwa tunaongoza, robo ya nne ndiyo imeanza, ukamwendea kocha ukamwambia misuli imekaza, ukatoka mwenyewe. Ulikaa ukaongea na benchi mpaka mwisho na tukashinda. Siku ya nne ukawa na homa. Ukasema unaenda nyumbani kupumzika kidogo, ukaacha ndoo yako ya nguo umeziloweka, nikazifua mimi. Jumatano ya wiki iliyofuata nikapigiwa simu.

Sasa sikiliza nilivyoishi siku hizi arobaini. Siku ya msiba nilifika kwenu nikakaa nyuma kabisa, karibu na migomba, na wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini nilitafuta bodaboda nikashuka mpaka Mkuyuni bila kumpa mama yako mkono. Nilishindwa kumtazama. Kichwani mwangu jambo lilikuwa rahisi. Mama wa watu amemleta mwanawe chuoni mzima, mimi nikajua ni mgonjwa, nikanyamaza, nikamsaidia kujificha, mpaka akafa. Mama yako alinipigia mara tatu katika mwezi huo. Niliiangalia simu ikiita juu ya kitanda mpaka ikakatika. Nilikuwa na hakika ameambiwa hospitalini na anataka kuniuliza kama nilijua, na jibu nililokuwa nalo ni moja tu.

Chakula kilikuwa hakipiti. Mtihani wa Takwimu nimefeli, hilo usimwambie mtu huko uliko.

Nisingekwenda hata kwenye arobaini. Kocha ndiye aliyeamua timu nzima twende, akaomba gari la chuo, akanikalisha karibu yake kwa sababu ya kifundo. Njiani niliandaa sentensi. Niliitengeneza kuanzia Kiroka mpaka tunaanza kupanda mlima kuelekea kwenu: Mama, nilijua, sikusema, nisamehe. Nilipanga kuisema baada ya dua, wageni wakishakula, nimkute peke yake. Kama angenifukuza, ningetembea mpaka Mkuyuni kwa miguu.

Dua ikasomwa, pilau likaliwa. Tukiwa bado tunanawa mikono ndipo wakaingia watani.

Mimi, kama unavyojua, nimekulia Dumila. Baba yangu ni Mmbulu aliyefuata kazi ya miwa, na kwetu msibani watu wanakaa kimya. Uliwahi kuniambia kwamba kwenu watani huwa wanakuja kuharibu msiba, nikadhani ni maneno tu. Wamekuja kweli. Mmoja alichukua mfuniko wa sufuria la pilau akauvaa kichwani. Mwingine alikaa kwenye mkeka wa wafiwa akalia kwa sauti kubwa kwamba marehemu alimwahidi mchumba. Kocha akanitazama, nami nikamtazama, hatujui kama tunaruhusiwa kucheka.

Halafu akatokea bibi mmoja mwembamba, Bibi Tatu, wanasema ndiye mkubwa wa watani wenu. Alikuwa amevaa kaptula yako ya mazoezi juu ya kanga, na kifuani amekumbatia boga bichi. Watu wakaanza kushangilia kabla hajafanya kitu. Akaanza kutembea kama wewe. Sijui alikuona lini, lakini alikupata, mabega yako, ule mkono wako wa kushoto unaoning'inia. Anapita kati ya watu anaongea, anaongea, huyu anamsalimia, yule anamuuliza kuku wake wametaga mangapi, huku anaanza kupanda kale kamlima ka nyuma ya jiko lenu. Hatua ya tano akanyamaza. Akasimama. Akaliweka boga chini, akachuchumaa, akafunga kamba ya kiatu.

Alikuwa miguu mitupu, Zai. Anafunga kamba kwenye kidole cha mguu, anapandisha pumzi, anatuangalia kwa pembe ya jicho.

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Watoto wadogo wakachuchumaa wote wakafunga kamba zao. Mama yako alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akawa anajifuta machozi na kumwambia Bibi Tatu kwamba amelaaniwa. Timu yetu nao wakacheka kwa kufuata mkumbo bila kujua wanacheka nini. Mimi peke yangu nilikaa nimeganda na maji ya kunawa yananitiririka viganjani.

Nikanyanyuka nikamfuata mama yako jikoni. Sentensi yangu ya njiani yote imepotea. Nilimshika mkono, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo Mama. Mama, mimi nilijua." Akaniuliza nimejua nini. Nikamwambia moyo, nilijua habari za moyo na sikusema. Akanivuta nikae kwenye kigoda.

"Resti mwanangu," akasema, "hapa nani hajui?"

Akanisimulia yote huku anasugua sufuria. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja walipokupeleka hospitali. Daktari akawaambia usikimbie sana, na wewe, na umri huo, ukamuuliza sana ni kiasi gani. Daktari akacheka, akakupa kipimo. Ukiwa unakimbia na bado unaweza kuongea, endelea. Ukishindwa kuongea, simama, na usione aibu. Ulirudi Kinole ukaanza kuongea mchana kutwa, ukienda kisimani, ukienda shule, ukipanda ukishuka, mpaka majirani wakauliza umeingiwa na nini, na mama yako akawaeleza. Ya kamba za viatu ulijitungia mwenyewe, na hapo kijijini ilikuwa mchezo wa watoto kabla hujafika darasa la saba.

Miaka mitatu nimekaa karibu na mdomo huo nikidhani ni kiburi.

Nikamuuliza kuhusu ile mechi. Niliuliza kwa sauti ndogo, maana hapo ndipo palipokuwa pananiuma. Akaniambia madaktari walimkalisha wakamweleza taratibu. Lile jino lako bovu, lile ulilokuwa unaliwekea karafuu ukikataa kwenda kuling'oa, lilileta maambukizi, yakaingia kwenye damu, yakaenda kukaa kwenye mlango ule mbovu wa moyo. Alimuuliza daktari kama ni mpira. Daktari akamjibu kwamba hata kama usingetia mguu uwanjani maisha yako yote, ingekuwa vilevile.

Nililia, Zai. Nimekulilia mara nyingi, lakini hapo sikuwa nakulilia wewe. Nilikuwa najililia mimi, kwa nafuu tu, na sitakuficha.

Sasa ndiyo nikukasirikie. Uliniapisha siri ambayo hata mbuzi wa Kinole wanaijua! Ungesema tu kwamba kwenu wanajua, kwamba tunayemficha ni kocha na chuo, ningelala usingizi. Labda hukuona haja ya kusema. Labda nilipaswa kuuliza. Lakini nimebeba peke yangu mzigo ambao ukoo mzima ulishaubeba na kuuzoea mpaka wakaufanyia utani, na mtu wa kunipunguzia ni wewe, na wewe haupo. Basi, nimeshasema, nimekusamehe.

Nikakumbuka zile simu. Nikamuuliza alikuwa ananipigia kwa nini. Akaacha kusugua. Akaniambia kwamba mjomba wako alikataa kabisa suala la mpira, na kwenu mjomba akimkataza mtoto wa dada yake basi imekwisha, lakini yeye mama yako alisimama mbele ya kaka yake akasema mtoto atacheza. Ni jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Halafu akaogopa kuja kukuona ukicheza hata mara moja. Uliporudi likizo ukimsimulia mechi, alidhani unatia chumvi. Alidhani tunakuonea huruma, tunakuingiza dakika mbili za mwisho, kisha unarudi benchi. Tangu ufe alikuwa anajiuliza kama alimvunjia kaka yake heshima kwa ajili ya dakika mbili za huruma.

"Ulikuwa naye uwanjani," akaniambia. "Nieleze. Alikuwa anacheza kweli?"

Nikamwambia asimame. Nikachukua vifuniko vya vyungu nikavipanga chini, kikapu hapa, mstari hapa, mimi hapa, wewe pale. Nikamwonyesha unavyongoja kwenye kona, wa pili anavyokuja, pasi inavyoondoka. Hakuelewa ribaundi, nikamgeuza, nikamwambia mimi ndiye mpinzani, niwekee mgongo, shuka magoti, usiniruhusu nipite. Akashuka. Zai, mama yako ana nguvu. Alinisukuma kwa nyonga hatua kwa hatua mpaka nikaenda kukaa kwenye matenga ya ndizi, naye anauliza kama ndiyo hivyo, kama ndivyo mwanawe alivyowafanya wale wakubwa. Nikamwambia ndiyo hivyo, kila mechi, kuanzia filimbi ya kwanza, na ukitoka unatoka kwa hiari yako na sisi tunabaki tunahangaika. Nikamwambia kocha ameweka watu watatu na hawatoshi. Nikamwita kocha mwenyewe mlangoni akathibitisha, na huko mlangoni ndiko alikosikia habari ya moyo kwa mara ya kwanza, na ya kifundo changu pia. Alikaa chini kwenye jiwe muda kidogo. Hakunigombeza. Nafikiri atanigombeza wiki ijayo.

Mama yako alirudi kwenye kigoda chake akakaa mikono mapajani, imejaa majivu.

"Basi alicheza," akasema. Halafu akalisema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika nje, kumwelekea mjomba wako aliyekuwa amekaa na wazee barazani. "Alicheza, kaka." Mjomba wako aligeuka, akamwangalia dada yake, akaitikia kwa kichwa.

Ndiyo maana leo napumua. Nakukumbuka kila saa, nikikunja nguo, nikipita dirisha lako la hosteli ambalo sasa lina pazia la mtu mwingine. Hilo halijaisha na sitaki liishe haraka. Lakini kule kujiona mimi ndiye niliyekuua kumeondoka, kumebaki kukukosa tu, na kukukosa naweza kukubeba.

Nakuahidi mambo mawili. Yule wa mwaka wa kwanza juzi aliniomba nisimwambie kocha kwamba goti lake linavimba. Safari hii siapi kwa kitu chochote. Nitamuuliza kwanza nani kwao anajua, na kama hakuna, tutakwenda kwa kocha wawili, nimshike mkono. La pili ni la Jumamosi. Tunacheza hapa nyumbani, na mama yako amesema anashuka. Nitamwekea kiti mstari wa mbele, nitamweleza maana ya kila filimbi kabla hatujaanza, na mpira wa kwanza utakaogonga chuma nitamwekea mtu mgongo mpaka mama yako aone.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Mama yako anakuja kuangalia mpira, na safari hii haji na hofu.

Wako,
Resti